Laptopu inaganda na sasa haiwaki tena: mwongozo kamili, fuata hivi kabla hujakubali ipigwe Windows

Alikuja kwangu dada mmoja mwanachuo, anakaa Malimbe, laptopu kaifunga kwenye kanga na macho yamemvimba kwa kulia. Mashine yake ilianza kuganda ganda, leo mara moja kesho mara tatu, mwishowe ikawa ukiiwasha inaleta nembo tu alafu kimya. Akaipeleka kwa fundi mjini, jamaa hakuuliza kitu wala hakufungua hata nati moja, akapiga Windows mpya palepale, yaani akafuta kila kitu akaweka Windows upya, ripoti ya fildi ya miezi miwili ikafutika yote, na siku ya pili yake mashine ikaganda tena vilevile. Mimi nilipoifungua nikakuta pini za RAM, kile kijikadi cha kumbukumbu ya muda ya mashine, zimeshika ukungu, nikazisugua na raba ya penseli, nikarudisha, mashine ikawaka na inafanya kazi mpaka leo. Lakini ripoti haikurudi.

Hilo jambo liliniuma sana ndo maana naandika hii kwa urefu. Meza yangu ya ufundi iko Kirumba, Mwanza, na karibu kila wiki napokea mashine iliyopigwa Windows bila sababu. Kupiga Windows ni hatua ya mwisho kabisa, sio ya kwanza, na mambo mengi ya kabla yake unaweza kuyafanya mwenyewe nyumbani ukiwa na bisibisi ndogo ya nyota, raba nyeupe ya shule, brashi laini, tochi ya simu, flashi ya GB 8 au zaidi, na kama unayo, hadi diski (hard disk, kile kinachotunza mafaili) ya nje ya kuhamishia mafaili.

Kwanza jua mashine imekwama wapi

Mtu akinipigia simu akasema "fundi laptopu yangu imekufa" huwa namuuliza maswali haya na wewe jiulize hayohayo. Ukibonyeza pawa kuna taa yoyote inawaka? Feni unaisikia? Skrini inaleta nembo ya kampuni, yaani Dell, HP, Lenovo au nyingine? Vile vidoti vya kuzunguka vya Windows vinatokea? Au inafika mpaka ndani kabisa unaona picha zako alafu ndo inaganda?

Majibu yanakupeleka sehemu tofauti kabisa. Isiyowasha hata taa tatizo lake ni umeme, chaja, betri au madabodi (ile bodi kubwa ya ndani), na hapo Windows haihusiki hata kidogo, mtu akikwambia apige Windows kwenye mashine isiyowaka taa chukua mashine yako uondoke. Inayowasha taa na feni ila skrini giza mara nyingi ni RAM au skrini yenyewe. Inayoleta nembo ikakwama shuku hadi diski. Inayoingia mpaka ndani ikaganda inaweza kuwa joto, diski, RAM, draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa), au kweli Windows imeharibika, hii ndo yenye mambo mengi.

Na kumbuka ilikuwa inafanya nini kabla haijaharibika. Ilidondoka? Ilimwagikiwa chai? Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo ikiwa kwenye chaja? Ilikuwa inapiga apdeti ukaizima kwa nguvu kwa sababu daladala imefika? Usimfiche fundi kitu hapa, ukisema "ilizima tu yenyewe" wakati ilimwagikiwa soda unamfanya atafute siku nzima kitu ambacho ungemwambia kwa neno moja.

Imeganda sasa hivi iko mbele yako

Usikimbilie kuizima. Bonyeza Caps Lock uangalie taa yake. Kama inawaka na kuzima basi mashine bado inaelewa, imezidiwa tu, ipe hata dakika kumi hasa kama ni hadi diski ya zamani na RAM ni GB 4. Jaribu Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, ikileta menyu ingia Task Manager, ile orodha ya programu zinazofanya kazi, uone nani kakalia diski au RAM. Kama kioo ndo kimeganda ila muziki unaendelea, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B, hiyo inaiwasha upya draiva ya picha tu, skrini itapepesa mara moja na mara nyingine inarudi bila kupoteza kazi yako.

Caps Lock nayo imekufa? Hapo hamna namna, shikilia kitufe cha pawa sekunde kumi mpaka izime. Lakini isiwe ndo tabia ya kila siku maana kila ukizima hivyo wakati diski inaandika unaweza kuharibu mafaili, na hadi diski za kuzunguka ndo zinaumia zaidi.

Kitu kingine watu wengi hawakijui, kwenye Windows 10 na 11 ukichagua "Shut down" mashine haizimi kabisa kabisa, inahifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka kesho. Kwa hiyo ile shida ya jana inaweza kuamka nayo asubuhi. Ukitaka ianze upya kweli chagua "Restart". Nimeshasaidia watu kwa simu kwa neno hilo moja tu, wa Sengerema na Ukerewe huko, wakaokoa nauli ya kuja mjini.

Haiwaki kabisa, hata taa hamna

Anza na soketi, chomeka simu hapohapo uone kama inaingiza chaji, inaonekana ni jambo dogo ila ekistensheni zetu hizi zinaungua ndani na taa yake nyekundu inaendelea kuwaka kama kawaida. Alafu angalia chaja: waya umekunjika pale unapotokea kwenye boksi? Kichwa kinacheza? Boksi linatoa harufu ya kuungua? Kama chaja yako ina taa ndogo, iangalie kabla na baada ya kuchomeka kwenye mashine. Ikiwaka vizuri peke yake alafu ikazima ukiichomeka kwenye laptopu, kuna shoti, ama kwenye tundu la chaji ama ndani kwenye madabodi, hapo acha, mpelekee fundi mwenye multimita, kile kipimo cha umeme.

Chaja za mtaani zinasumbua kwa njia mbili. Ya kwanza volti. Dell na HP nyingi zinatumia volti 19.5, Acer na Asus nyingi 19, Lenovo nyingi 20, na kichwa kuingia kwenye tundu sio ushahidi kwamba chaja ni yake, soma karatasi ya chini ya laptopu ulinganishe. Ya pili wati. Mashine inayotaka wati 65 ukiipa 45 inaweza kuwaka ila ukiipa kazi nzito inakata. Dell ndo zina jambo la peke yake, chaja yake ina kipini cha katikati kinachoitambulisha kwa mashine, kikivunjika au chaja ikiwa feki mashine inaleta ujumbe kwamba haiitambui adapta, haichaji betri, na inajipunguza kasi mpaka unadhani ina virusi. Mtu anakuja analia mashine nzito inastaki, kumbe chaja.

Sasa fanya hii, nayo ni ya bure: chomoa chaja, toa betri kama ni ile ya kutoka, chomoa na flashi na mausi na kila kitu, shikilia kitufe cha pawa sekunde 30, achia, rudisha chaja peke yake bila betri, washa. Kama betri ni ya ndani shikilia tu hivyohivyo ukiwa umechomoa chaja. Kuna mashine za Lenovo zina katundu kadogo chini cha kuchokonoa na pini, ni kwa kazi hiyohiyo. Umeme uliobaki ndani unaweza kuifanya madabodi ibaki imekwama, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi ghafla, na hatua hii huwa inafufua mashine nyingi kuliko watu wanavyofikiri.

Ukiona betri imevimba, kibodi imenyanyuka au mfuniko wa chini umetuna, usiiwashe wala usiichaji wala usijaribu kuitoboa ipungue hewa. Betri ya lithiamu ikitobolewa inawaka moto. Mpelekee fundi aitoe, mashine nyingi zitafanya kazi kwa chaja tu wakati unatafuta nyingine.

Taa na feni vipo, skrini giza

Zima taa ya chumba, mulika skrini na tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona picha kwa mbali sana basi mashine nzima ipo, kilichokufa ni mwanga wa nyuma wa skrini au waya wake. Kama una TV ya HDMI chomeka, washa, subiri, ikionyesha kwenye TV basi mafaili yako yako salama unaweza kuyahamisha leo leo na skrini ukatengeneza ukipata hela. Kwa Dell nyingi shikilia herufi D alafu washa pawa, skrini itabadilisha rangi moja moja, zikija rangi safi skrini ni nzima.

TV nayo giza? Sasa tunaenda kwenye RAM, na hapa nitakaa kidogo maana ndo ugonjwa wa kwetu huku. Sisi tuko kando ya ziwa, hewa ina unyevu, na juu yake tuna vumbi la barabara za milimani. Pini za RAM zinashika utando mwembamba huwezi hata kuuona vizuri, mguso unakuwa wa mashaka, mashine inaganda ovyo, inaleta skrini ya bluu, siku nyingine haiwaki kabisa inapiga milio tu au Caps Lock inapepesa. Ile milio na kupepesa ni lugha, hesabu ni mara ngapi uandike, alafu utafute maana yake kwa jina na namba ya mashine yako, usibahatishe kwa kutumia ya mashine nyingine.

Namna ya kufanya: chomoa chaja, toa betri, kama ni ya ndani fungua mfuniko wa chini uchomoe kiunganishi cha betri kwanza kabla hujagusa kitu kingine chochote. Gusa chuma kisichopakwa rangi kama fremu ya dirisha ili umeme tuli wa mwilini uondoke. RAM imeshikwa na vibanio viwili pembeni, vipanue taratibu yenyewe itanyanyuka, ichomoe kwa kuishika kingo. Sugua zile pini za rangi ya dhahabu na raba nyeupe, pande zote mbili, bila nguvu nyingi, pangusa unga wa raba na brashi, na tundu lake nalo lipige brashi. Rudisha kwa kuinamisha, sukuma mpaka pini zizame, bonyeza chini mpaka vibanio vilie tik. Kama zipo mbili weka moja tu uwashe, alafu nyingine, alafu badilisha matundu, hapo utajua kama mbovu ni RAM au ni tundu. Baada ya hapo ukiwasha mara ya kwanza inaweza kukaa giza dakika moja mbili, usiogope, inajipanga upya. Kuna laptopu nyembamba ambazo RAM imechomelewa kwenye madabodi, hizo achana nazo.

Mulemule ndani kuna betri ndogo ya duara kama shilingi, nyingi ni CR2032 ya volti 3, ndo inayotunza saa na mipangilio ya BIOS, ile programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows. Mashine ikiwa kila ukiichomoa inarudi mwaka wa zamani basi hiyo imeisha. Sio ya kupuuza, maana ikisahau mipangilio inaweza kusahau hata namna ya kuongea na diski, inabadilika kutoka AHCI kwenda RAID au kinyume chake, Windows nzima inagoma kuwaka wakati haina kosa lolote. Kwa hiyo Windows ikigoma ghafla na saa nayo imerudi nyuma, badilisha hiyo betri, ingia BIOS (vitufe vyake viko chini, kwenye sehemu ya nembo), rudisha sehemu ya SATA, yaani ya diski, kama ilivyokuwa, washa.

Inaganda ikishapata joto

Inawaka vizuri asubuhi, baada ya dakika ishirini feni inapiga kelele kama pikipiki, inakuwa nzito, inazima yenyewe paap. Hilo ni joto. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza kasi, ikizidi inajizima isiungue.

Fungua feni uangalie, sio feni yenyewe tu, angalia pale hewa inapotokea kwenye bati la kupoozea. Mashine za huku ninazofungua, hasa za watu wanaofanya kazi usiku taa ikiwa inawaka na dirisha wazi karibu na ziwa, nakuta vumbi limechanganyika na wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama moshi, wanafuata mwanga, feni inawavuta, wanakaukia mle wanakuwa zulia kabisa hewa haipiti. Ukipuliza kwa nje unalisukuma tu ndani zaidi. Toa feni, ng'oa lile zulia kwa kibanio au brashi, na ukitumia pampu ya hewa shikilia panga za feni kwa kidole zisizunguke. Pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto, kama imekauka imekuwa kama chokaa ifute kwa spiriti na kitambaa laini, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Dawa ya meno usiweke, nimeikuta mara mbili.

Na usitumie laptopu juu ya godoro. Weka hata juu ya sinia.

Nembo inakuja alafu inakwama

Ingia BIOS. Kwa Dell na Acer ni F2, HP ni Esc alafu F10, Lenovo nyingi F2 au kale kakitufe kadogo ka Novo pembeni, Asus F2, unabonyeza kwa kurudiarudia kuanzia pale unapowasha. Angalia kitu kimoja: jina la diski linaonekana? Kama halionekani, au mashine inakuandikia kwamba haioni kifaa cha kuwashia, zima, fungua, chomoa diski urudishe vizuri, mara nyingine mtikisiko wa bodaboda tu umeilegeza. Ikionekana, pima. Dell bonyeza F12 uchague "Diagnostics", HP bonyeza Esc alafu F2, zina kipimo cha diski na RAM ndani yake bila kuhitaji Windows. Ikikwambia diski imefeli andika ile namba ya kosa.

Hadi diski ya kuzunguka weka sikio. Ikilia tik tik tik inarudia kwa mpangilio, zima sasa hivi. Kila dakika unayoiwasha unapunguza nafasi ya kuokoa vilivyomo. Wala usikubali mtu apige "chkdsk" kwenye diski ya namna hiyo, ile amri ya kukagua diski inaipa kazi nzito, na ikiwekewa /r inaisugua nzima mwanzo mwisho, inaweza ikafia hapohapo.

Toa mafaili kwanza

Hapa ndo nawaomba jamani, kabla ya kurekebisha chochote kwenye Windows, hamisha mafaili. Njia ya kwanza ni kuwasha mashine kwa Linux ya kwenye flashi, yaani mfumo mwingine badala ya Windows. Kwenye kompyuta ya jirani pakua Ubuntu au Linux Mint, iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus (inafuta vilivyokuwemo kwenye hiyo flashi, hakikisha), chomeka kwenye mashine inayoumwa, bonyeza F12 au kwa HP F9, chagua flashi, alafu chagua ile ya kujaribu bila kuinstoo. Utaona diski yako kama folda, ingia "Users", jina lako, hamishia Desktop, Documents, Pictures na Downloads kwenye diski ya nje. Anza na vile ambavyo huwezi kuvipata tena, muziki na muvi baadaye.

Njia ya pili haihitaji kupakua kitu. Iwashe na kuizima kwa nguvu kila vidoti vya Windows vikitokea, fanya hivyo mara mbili mpaka tatu, itakuja yenyewe kwenye skrini ya ukarabati ya bluu. Nenda "Troubleshoot", "Advanced options", "Command Prompt", dirisha la kuandika amri litafunguka, andika `notepad` ubonyeze Enter. Itafunguka notepad, nenda File, Open, chini chagua uone mafaili ya aina zote, na hapo una dirisha linaloonyesha diski zako na flashi uliyochomeka, unabonyeza kulia unakopi, unapesti kwenye flashi. Haionyeshi imefika wapi, inaonekana kama imeganda, iache imalize. Nilimuelekeza hii mwalimu mmoja kwa simu akiwa kisiwani, akaokoa maksi za darasa zima kwa flashi ya GB 16.

Ukikutana na skrini inayodai ufunguo wa BitLocker wa tarakimu 48, usibahatishe. Diski imefungwa kwa siri, na mashine nyingi za Windows 11 zinajifunga zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Chukua simu, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti ileile uliyotumia kwenye hiyo laptopu, ufunguo uko huko. Bila huo ufunguo hakuna fundi wa Mwanza wala wa Dar atakaeifungua, kwa hiyo kama mashine yako ni nzima leo hii nenda ukauandike kwenye daftari. Kubadilisha mipangilio ya BIOS pia kunaweza kuiamsha hiyo skrini, sasa unajua kwanini nakwambia uutafute mapema.

Kuitengeneza Windows iliyopo

Mafaili yakiwa salama unarudi kwenye ile skrini ya bluu ya ukarabati bila presha. Jaribu "Startup Repair" kwanza. Ikishindwa na shida ilianza baada ya apdeti, ingia "Uninstall Updates" uondoe ya mwisho. Ikishindwa "System Restore", inarudisha mashine siku za nyuma bila kugusa nyaraka zako ila programu ulizoweka karibuni zinaondoka. Alafu "Startup Settings", Restart, bonyeza 4 iingie Safe Mode, yaani Windows ikiwa na vitu vya lazima tu. Ikikaa Safe Mode saa nzima bila kuganda basi vifaa vina nafuu, mwenye makosa ni draiva au programu, toa ulizoweka mwisho, na kama una antivairasi mbili toa moja, zinagombana.

Kama haiingii kabisa rudi Command Prompt. Andika `dir C:\` uone kama kuna folda la Windows, maana huku ndani herufi zinaweza kubadilika C ikawa D. Ukishajua ni ipi, na kama diski ilifaulu kipimo, andika hizi moja moja (kama ni D, weka D badala ya C):

`chkdsk C: /f`

`sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows`

`bcdboot C:\Windows`

Ya kwanza inanyoosha mpangilio wa mafaili, ya pili inarudisha mafaili ya Windows yaliyoharibika, ya tatu inaandika upya sehemu ya kuwashia. Ya pili inachukua muda, chomeka chaja na uhakikishe Luku ina yuniti.

Ikiingia mpaka ndani lakini bado inaganda, weka CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, ni ya bure. Kwa hadi diski angalia mistari ya 05, C5 na C6, ikiwa na namba kubwa zinazoongezeka kila siku, diski inakufa, nunua SSD, ile diski isiyo na kitu cha kuzunguka ndani. Alafu tafuta "Windows Memory Diagnostic" uache ipime RAM usiku. Na kwa kusema ukweli, laptopu ya hadi diski ya kuzunguka yenye Windows 10 au 11, Task Manager ikionyesha diski 100% muda wote, hata isipokuwa mbovu itaganda tu. SSD itaibadilisha kuliko kitu kingine chochote utakachokinunua. Ila angalia ni ya aina gani, ya SATA ya inchi 2.5 au ile ndefu nyembamba ya M.2, na M.2 nazo ziko za SATA na za NVMe hazibadilishani ovyo, nenda dukani na ya zamani mkononi.

Kama kweli imebidi kupiga Windows

Sawa, umefika mwisho. Tumia Media Creation Tool ya Microsoft yenyewe kutengeneza flashi ya GB 8, usichukue ya kukopishana yenye mambo ya watu ndani. Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine inakubali 11 weka 11, inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ya ndani), RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8. Ikiuliza ufunguo na mashine ilikuwa na Windows halali, chagua kwamba huna ufunguo uweke toleo lilelile la Home au Pro, ukiingia mtandaoni itajitambua yenyewe. Mashine za Intel kuanzia kizazi cha 11 zinaweza kukwambia hakuna diski, usiende kununua diski, ni draiva ya Intel RST haipo, ipakue kwenye ukurasa wa kampuni ya laptopu yako uweke kwenye flashi ubonyeze "Load driver".

Ukimaliza usiirudishe kazini hapohapo. Weka draiva, fungua video ndefu, fungua kurasa kumi za intaneti, iache saa mbili iko kwenye chaja, alafu saa moja kwa betri peke yake, ulaze usiku, uiwashe asubuhi ikiwa baridi. Kama uliisafisha RAM na feni na diski imefaulu vipimo, itapita. Ikiganda tena ndani ya hizo saa na Windows ni mpya, andika iliganda dakika ya ngapi ikifanya nini, hiyo karatasi ndo umpelekee fundi pamoja na mashine, na kabla hajagusa kitu muulize ataanza kupima nini.

Kuhusu umeme, nunua friji gadi ya kuchomekea chaja, ileile ya friji. Umeme ukirudi inasubiri kidogo utulie ndo inaupitisha. Na radi za vuli zikianza kupiga juu ya ziwa, chomoa ukutani kabisa.